Shelfu ya watu, mbio za kadi, saka kitabu au kona nne: gemu ipi ufundishie maktaba watoto wa shule ya msingi?

Mtoto wa darasa la tatu ukimkalisha akaandika kwenye daftari "maktaba ni mahali panapotunzwa vitabu" ataandika vizuri kabisa, mwandiko unapendeza, afu siku unamwambia kaniletee kitabu cha samaki anasimama katikati ya chumba anazubaa, mwisho anachomoa chochote chenye picha anakuletea. Kwa hiyo gemu. Hapo naona walimu wengi tushakubaliana, kimbembe ni gemu ipi, maana zipo kibao na kila mtu anasifia ile ambayo watoto wake walipiga kelele za furaha. Kelele sio kipimo aisee, hata ukiwatoa wakacheze rede watapiga kelele hizo hizo.

Nalinganisha nne ambazo zinachezeka kwenye mazingira yetu ya Dar, yaani mkondo mmoja watoto 80 na kitu, kabati mbili za vitabu zimewekwa ofisini kwa mwalimu wa taaluma, uwanja upo ila una vumbi na jua lake. Wenye chumba kizima chenye feni na watoto 30 nao watapata chao humu. Na kipimo changu kikubwa ni hiki: mtoto akikosea ndani ya gemu, kosa linaonekana saa hiyo hiyo? Na nani analiona, mwalimu peke yake jioni akipanga vitabu upya, au darasa zima pale pale? Vingine vyote kama gharama, nafasi, jua, nitavigusa ila kwangu vinakuja nyuma ya hicho.

Tuwekane sawa kidogo kinachofundishwa ni nini. Mtoto anatakiwa ajue hadithi za kubuni zinakaa kivyake na vitabu vya maarifa kivyake, ajue kupanga kwa alfabeti kwa jina la ukoo la mwandishi, ajue kusoma ile namba ya mgongoni mwa kitabu, na ajue kukitoa na kukirudisha bila kukiua. Namba ni mfumo wa Dewey, Mmarekani Melvil Dewey aliutoa 1876, unagawa maarifa mafungu 10 kuanzia 000 mpaka 900. Mi watoto huwa nawaambia ni kama kile kibao cha anwani ya makazi walichobandika ukutani kwenye nyumba, cha mtaa na namba ya nyumba, kwa hiyo 500 ni mtaa wa sayansi, ukiingia ndani 597 wanakaa samaki, 599 wanakaa wanyama wanaonyonyesha. Mpira wa miguu ni 796.334, mapishi 641.5, historia ya Tanzania 967.8. Wakishajua mpira una namba yake, wale wa nyuma wote wanaamka.

Haya sasa, shelfu ya watu. Hii watoto ndo vitabu. Kila mmoja anavaa kadi shingoni ina namba na herufi 3 za mwanzo za jina la mwandishi, halafu kundi la watoto 10 au 12 linajipanga mstari kutoka kushoto kwenda kulia bila kuongea, ishara tu za mikono. Kupanga mstari wameshazoea kila asubuhi paredi, tofauti ni kwamba leo mfupi anaweza kukaa nyuma ya mrefu, namba ndo inaamua.

Anza bila namba kabisa, anza na majina yao ya ukoo. Hapo utacheka, maana hapa kwetu ukisema jipangeni kwa alfabeti herufi nyingine zinakaa wazi afu kwenye M kuna msongamano, Massawe, Minja, Mrema, Mushi, Mzee, na wakiwepo watoto wa Mbeya wawili watatu una Mwaipopo, Mwakalinga na Mwakyusa wanagombania nafasi moja. Vitabu vya kigeni vinavyofundisha alfabeti vina Adams, Brown, Clark, herufi ya kwanza inamaliza kazi. Sisi mtoto analazimika kwenda herufi ya pili, ya tatu, mpaka ya tano kutofautisha Mwakalinga na Mwakyusa, na akishaweza hiyo kamusi yoyote haimshindi. Darasa lenyewe linakupa zoezi gumu bure kabisa.

Kisha unaingiza namba, na hapa ndo penyewe. Mpe mtoto mmoja 398.2 na mwingine 398.15 uone. Wa 15 atakwenda kusimama mbele kulia kwa sababu kumi na tano ni kubwa kuliko mbili, na darasa karibu lote litamuunga mkono. Kwa Dewey 398.15 inatangulia, 398.2 inafuata, kwa kuwa baada ya nukta unasoma tarakimu moja moja, 1 inaanza kabla ya 2. Wale ambao bado hawajasoma desimali waambie waongeze sifuri, 398.2 iwe 398.20 halafu walinganishe 15 na 20, kwisha habari. (Zamani ungewaelezea kwa senti ila mtoto wa leo senti hajawahi kuziona, kwa hiyo usijisumbue.) Kosa lenyewe limesimama mbele ya watu limevaa sare, kila mtu analiona, wanabishana wenyewe, wewe umekaa pembeni. Usiwahi kutoa jibu, waache wabishane kidogo maana ubishi ndo somo lenyewe.

Mstari ukishakaa sawa unaupindua kwa njia nyingine. Wote wafumbe macho, umtoe mtoto mmoja ajifiche nyuma ya mwembe, wafumbue waseme kitabu gani kimeazimwa. Au mmoja ahame akasimame pasipo pake, halafu mtoto aliyekuwa pembeni anaitwa mkaguzi, anapita mstari mzima anasoma kadi moja moja mpaka amkamate. Hiyo ndo kazi anayofanya mkutubi kila siku, kupita shelfu kutafuta vilivyopotea njia, maana kitabu kilichorudishwa pabaya ni sawa na kilichoibiwa, kwa sababu hakuna atakayekiona tena.

Ubaya wa shelfu ya watu: mtoto hagusi kitabu. Anaweza kuwa bingwa wa kujipanga na bado akachomoa kitabu kwa kukivuta kichwani mpaka mgongo ukachanika. Halafu wale ambao kundi lao bado wanasubiri juani, na Februari hapa Dar jua la saa tano sio la kumsubirisha mtu, kwa hiyo iweke asubuhi au tafuta kivuli. Gharama ni ndogo mno, maboksi unaomba dukani kwa Mangi, maka peni moja, kamba.

Mbio za kadi zinafanana kwa mbali, ndo maana watu wanazichanganya. Hapa kuna mistari inayoshindana, kila mtoto anakimbia na kadi yenye namba anaenda kuibana kwa kibanio cha nguo kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, anarudi anamgusa mwenzie, naye anakimbia na ya kwake. Timu itakayomaliza kwanza imeshinda. Watoto wanaipenda hii kupita maelezo, wana damu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, na mwalimu mkuu akipita anaona kitu kinaeleweka. Kwa upande wa picha za kutuma kwa wazazi haina mpinzani.

Ila ukiangalia nani anafikiri utakuta ni wachache. Mwenye mbio anabana kadi popote anarudi, yule anayesimama kidogo mbele ya kamba kufikiria 636 inakaa wapi ndo anayezomewa na timu nzima, "fanya harakaaa", yaani anayefanya kile unachotaka afanye ndo anaadhibiwa. Na makosa hayaonekani mpaka mwisho, kadi zishakuwa 15 kwenye kamba, hujui nani alianza kuharibu. Kwa watoto 80 na mistari miwili pia maana yake watu 78 wamesimama. Kama unaipenda sana basi badili pointi, muda usihesabu chochote mpaka kamba iwe sawa yote, na kila anayekimbia aruhusiwe kurekebisha kadi moja ya mwenzie badala ya kubana yake. Hiyo ruhusa ya kurekebisha inageuza gemu nzima, ghafla wale wa kwenye foleni wanaanza kuisoma kamba kwa mbali ili wajue watakwenda kurekebisha nini. Weka pia timu mbili ziwe marefa. Bila hayo mabadiliko, kwangu hii ni kipindi cha michezo tu, freshi, lakini tusiiite maktaba.

Sasa saka kitabu. Hii ndo ya kweli kweli kwa sababu kuna kitabu, kuna shelfu, kuna mtoto anatafuta. Kundi la watoto 4 linapewa kadi yenye swali au namba, linaenda kutafuta, likipata linanakili kitu fulani kuthibitisha, labda neno la kwanza la ukurasa wa 12, linarudi kuchukua kadi nyingine. Kitabu kinabaki pale pale, na kabla ya kukichomoa wanaweka kipande kirefu cha boksi ukubwa wa rula kwenye nafasi yake ili wajue pa kukirudisha. Hicho kipande usikiache, bila hicho baada ya dakika 40 kabati lako litakuwa soko la mitumba. Na hapo ndo unawafundisha kutoa kitabu: sukuma kidogo vya jirani vya kulia na kushoto kiingie ndani, shika kitabu chako katikati ya mgongo, vuta.

Utamu wa saka uko kwenye kutunga maswali. Swali bovu ni "tafuta 597", mtoto anafuata namba tu. Swali zuri ni la sungura. Sungura yule mjanja anayemdanganya fisi yuko 398.2, hadithi za jadi. Sungura kama mnyama, anakula nini anazaa wangapi, yuko 599. Sungura wa kufuga bandani uuze nyama yuko 636.9 huko kwenye mifugo. Mnyama mmoja shelfu tatu! Kundi likija na kitabu cha ufugaji wakati swali lilikuwa ni nani alimdanganya fisi, hujakaripia mtu, unawauliza tu kitabu hiki kinajibu swali gani. Hapo mtoto anaelewa kwamba kinachotangulia ni swali alilonalo, namba inafuata swali. Sijaona gemu nyingine inayofika hapo. Na kwa wa darasa la tano kwenda juu unaweza kuwaingiza mpaka ndani ya kitabu, watumie yaliyomo mbele na faharasa ile ya nyuma, "ukurasa gani unaeleza mapezi yanafanya kazi gani", bila kufunua kurasa zote.

Bei yake sasa. Saka inataka vitabu vya kutosha, vyenye lebo, na vikiwa vimepangwa sawa kabla hujaanza, ambapo kwa shule nyingi hiyo peke yake ni kazi ya wikiendi nzima. Inataka watoto wachache, zaidi ya 20 ndani kwa mpigo ni msala, vitabu vinachanika, wanapishana viwiko. Kosa linaonekana lakini kwa kundi lile tu, wengine hawajui, kwa hiyo kila kundi linaweza kurudia kosa lile lile na wewe unarudia maelezo mpaka koo linakauka. Tena kadi zitofautiane mahali pa kuanzia, ukimpa kila mtu aanze na mpira wote watajaa kwenye 796.

Kona nne sitakaa nayo sana. Pembe nne za darasa, moja hadithi, moja maarifa, moja kamusi na ramani, moja magazeti na majarida, unataja kitu, "nataka kujua mvua inatokea wapi", wanakimbilia pembe wanayoona ni sahihi. Ni ya darasa la kwanza na la pili ambao bado wanapambana na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na namba zenye nukta utakuwa unawaonea bure. Hasara yake inajulikana, wanamfuata yule anayeaminika ana akili, mmoja akienda kulia themanini wanaenda kulia. Dawa yake: wafumbe macho waoneshe jibu kwa vidole kwanza, 1 mpaka 4, ndo waende. Inachezeka hata mvua ikinyesha, na kuanzia Machi masika ikianza utaishukuru, maana uwanja unageuka bwawa na shelfu ya watu inalala mpaka Mei huko.

Kuna na hii iliyochukuliwa kwenye kombolela, ule mchezo wa kujificha, mwalimu anaficha vitabu nyuma ya makabati na chini ya madawati afu watoto wanavisaka na anayepata anawakomboa wenzie. Najua inachangamsha. Mi siipendi hata kidogo, kitabu kikifichwa mtoto anajifunza kukipata kwa bahati, kwa kuchungulia kila uvungu, na maktaba nzima ilijengwa ili mtu asichungulie uvungu. Unamfundisha jambo leo asubuhi afu kesho unaanza kulifuta.

Kwa hiyo unachagua vipi? Kama una watoto wengi na vitabu vichache, ambayo ndo hali ya shule nyingi za huku Temeke, Mbagala, Gongo la Mboto, nenda shelfu ya watu bila kufikiria mara mbili, inafanya kazi hata ukiwa na kabati tupu. Igawe, makundi manne kila moja na kadi zake na kiranja wake, mistari minne inaenda kwa pamoja, na makundi mengine yakiwa wakaguzi. Ukiwa na chumba na lebo zipo, bado anza na shelfu ya watu vipindi vya mwanzo, halafu ndo saka, kwa sababu ukianza na saka mtoto asiyejua .15 inatangulia .2 atatafuta kitabu ambacho kipo mbele ya pua yake na atakwambia "mwalimu hakipo", na utamwamini. Mkiwa walimu wawili ndo raha zaidi, mmoja anabaki ndani na watoto 20 wa saka, mwenzie nje na waliobaki wanajipanga, baada ya dakika 20 mnabadilishana. Kipindi cha dakika 40 cha darasa la tatu kwenda juu kinatosha, ila cha dakika 30 cha wadogo usijaribu kuingiza mbili, kona nne tu.

Shule ambazo vitabu vimebandikwa selotepu za rangi badala ya namba, nyekundu hadithi, bluu sayansi na kadhalika, gemu zote zinaenda isipokuwa shelfu ya watu inakuwa nyepesi mno, basi ibakize kwenye majina ya waandishi, ule msongamano wa M unatosha kuwachosha.

Na kama mna mpango wa kuwapeleka Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, ina sehemu ya watoto, mpeleke kule mtoto aliyeshacheza shelfuni kwenu. Kule ni saka peke yake na ni ya kunyata, kuna watu wanasoma mitihani yao. Nenda siku kadhaa kabla uongee na mkutubi, mwoneshe kadi zako za maswali akwambie kipi kipo kipi kimeazimwa, usije ukatuma kundi likamtafute sungura wa kufuga ambaye yuko nyumbani kwa mtu Kimara. Na watoto wachache wachache, sio basi zima.

Mzazi wa nyumbani naye asijione kaachwa, ila kwake tatu zote zimeshindikana, huna mstari wa watu kwenye sebule ya chumba na sebule. Bakiza saka ndogo. Panga vitabu vya shule na vya hadithi juu ya meza kwa majina ya waandishi, mtume mtoto akuletee kimoja, na sharti ni kwamba lazima aweke kipande cha boksi kabla hajakitoa. Anza na vitano. Vikizidi kumi kwa jioni moja atakimbilia katuni na kazi ya kuvirudisha utamalizia wewe.